Maji Yanazoleka

Mto Lamone haukubisha hodi.
Saa nane za usiku ulipenya chini ya mlango,
mwembamba kama ulimi wa paka,
na kabla mama hajapapasa akaipata miwani yake
ulikwisha panda ngazi mbili
ukaizima taa ya jokofu.

Tulikesha darini: mama, mimi,
na baba aliyeikumbatia saa ya ukutani.
Katika vyote vilivyokuwamo aliokoa saa,
na hadi leo hajui kwa nini.
Huko chini viti viligongana gizani
kama wageni wa arusi iliyokosa chakula.

Kulipokucha maji yakashuka, tope likabaki.
Tope zito, rangi ya chai ya maziwa,
ndani ya cherehani, ndani ya viatu,
ndani ya piano ambayo hakuna kwetu aliyejua kuipiga.
Baba akasimama mlangoni na ndoo.
Ndoo moja!
Akacheka. Kisha hakucheka.

Wa kwanza kuja alikuwa Ermes, nyumba ya pili.
Ermes na baba hawakusemezana miaka kumi na mmoja,
kisa mtini wake, uliotuma mizizi
ikapasua ukuta wetu wa nyuma.
Hata msibani walipeana migongo.
Aliingia na pampu begani, bila salamu,
akaitua, akalishika jokofu upande mmoja.
"Inua," akasema.
Baba akainua.

Kisha wakaja tusiowajua.
Walishuka kwenye treni ya asubuhi, makoleo begani,
wakipita mlango hadi mlango wakiuliza,
"Hapa mnahitaji watu?"
kama watu waulizavyo bei ya nyanya.
Wakajipanga kutoka jikoni hadi barabarani,
ndoo ikaenda nzito, ikarudi nyepesi,
ikaenda, ikarudi,
na mimi katikati sikuona tena
mikono yangu inaishia wapi, ya mwenzangu inaanzia wapi.

Tanveer, wa zamu ya usiku kiwanda cha makopo,
alileta sufuria ya wali na dengu
akaiweka juu ya boneti ya gari letu lililokufa.
"Meza ndiyo hii," akasema, naye hakuwa amelala.

Mama aliona haya.
Kijana asiyemjua alikuwa amebeba droo yake,
ile ya nguo za ndani, imejaa tope.
Kijana akatazama pembeni,
akaimwaga polepole, akaisuuza,
akaianika juani kifudifudi.
Mama akaingia ndani kulia mahali pasipo na watu,
na mahali hapo hapakuwapo.

Msichana wa buti za njano alikaa ngazini siku nzima
akiosha picha zetu kwa brashi ya rangi.
Ya ubatizo wa bibi ilipoteza uso, ikabaki na mkono.
"Mkono mzuri," akasema,
akaibana kwenye kamba kati ya soksi.

Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Nawaheshimu. Labda walikuwa wachache siku hiyo.
Sisi tuliyazoa, ndoo kwa ndoo,
kwa siku tano, hadi marumaru ya jikoni ikaonekana,
ile nyekundu aliyoichukia mama tangu aolewe,
akapiga magoti akaibusu.

Siku ya sita treni ikawarudisha kwao.
Hatukuandika majina. Nani angekuwa na kalamu kavu?

Likabaki koleo moja nyuma ya mlango,
mpini umechorwa kwa rangi nyeupe: GUALTIERO.
Tulilitangaza kanisani, sokoni, kituoni.
Hakuna aliyelidai.

Mvua ikianza usiku, Ermes hugonga ukuta mara mbili,
karibu na ule ufa.
Baba hugonga mara moja.
Kisha huenda akalitoa lile koleo,
akaliosha, ingawa ni safi.